Mama Neema, deni la kuogopa ni lile ambalo halijaandikwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza mitumba hapa Memorial, Moshi. Kila bajeti ikisomwa nasikia deni la taifa, mara trilioni hizi, mara zile. Juzi kijana mmoja kwenye daladala alipiga hesabu kwenye simu akasema kila Mtanzania anadaiwa zaidi ya milioni moja na nusu, hata mtoto wa jana. Binti yangu ana miaka sita. Ni kweli yeye ndiye atakayelipa? Halafu mimi na baba yake tunabishana. Yeye anasema viongozi hawaoni mbali, mwisho wao ni miaka mitano. Mimi nasema wanaona vizuri sana, ila haiwahusu. Nani yuko sahihi? Tunajenga kwao, Maji ya Chai, Mungu akijalia tutahamia mwakani, ndiyo maana nataka kujua huyu mtoto tunamwachia nini. (Mama Neema, Moshi)

JIBU: Marahaba, mama Neema. Ubishi wenu nitaufikia. Kwanza nimalizane na yule kijana wa daladala, kwa sababu hesabu yake ni sahihi na bado imekupoteza.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, ilionyesha kuwa kufikia Juni 2024 deni la Serikali lilikuwa shilingi trilioni 97.35. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7. Ukigawanya unapata kama shilingi milioni 1.58 kwa kichwa, kichanga kikiwemo. Kijana hakudanganya. Ila amesoma ukurasa mmoja tu wa daftari, ule wa tunachodaiwa. Ukurasa wa pili, wa fedha hiyo ilikwenda kufanya nini, ndio unaoamua kama binti yako ameonewa au amesaidiwa.

Chukua wazee wawili wa Kibosho. Mmoja alikopa akaongeza kihamba, mwingine alikopa akanywea mbege. Wakifa, madeni yao yanalingana mpaka senti ya mwisho. Mtoto wa kwanza amerithi deni pamoja na migomba na kahawa ya kulilipia. Wa pili amerithi deni na sifa kwamba baba yake alikuwa mtu wa watu.

Huku Arusha tumejengewa mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Visima, matangi, mabomba. Mimi niliyestaafu nitayatumia maji hayo miaka michache. Mtoto wa miaka sita atayatumia mpaka awe bibi. Ukimwambia alipe sehemu ya gharama kupitia kodi yake huko mbele, hujamdhulumu hata kidogo. Ungemdhulumu kama bomba lingekuwa la hovyo, likaoza kabla mkopo haujaisha. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, atalipa, kupitia VAT ya kila kiberiti atakachonunua na kodi ya kila mshahara atakaopata. Swali la maana zaidi ni kama atakuta kitu mkononi.

Na madeni husameheka pia. Mwaka 2001 Tanzania ilifutiwa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na mwaka 2006 ukafuata msamaha mwingine. Kipindi hichohicho ada ya shule ya msingi ilifutwa na madarasa yakajengwa nchi nzima chini ya MMEM, mpango wa kuendeleza elimu ya msingi. Nikikadiria umri wako, nadhani wewe ni mmoja wa watoto waliokaa kwenye yale madarasa. Kizazi kilichokutangulia kilikopa, kikashindwa kulipa, wewe ukasoma. Historia ya madeni haijanyooka kama watu wanavyoihubiri.

Sisemi deni la taifa ni dogo, wala kwamba kila mkopo umekwenda kwenye bomba. Mikopo ya kibiashara ya dola ina riba kali, na shilingi ikiteleza deni linavimba bila mtu kukopa hata senti. Lakini deni hilo lina adabu moja: limeandikwa. Lina kiasi, lina mwenye kudai, lina tarehe ya kuiva. Wabunge wanaligombania, CAG analitolea taarifa, wewe unalisikia kwenye daladala. Mzigo ninaouhofia mimi ni ule unaovuka kutoka kizazi hadi kizazi bila karatasi, na mfano ulio karibu nawe kuliko yote uko hukohuko mnakojenga.

Mlima Meru ni wa volkano, na miamba yake inaachia madini ya floraidi kwenye chemchemi, visima na mito mingi ya Arumeru, iliko Maji ya Chai yenu. Mume wako anajua habari hizi. Watu wa kwao huwatambua wenzao kwa meno ya rangi ya kahawia hata wakikutana Mwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mwaka 1974 nchi yetu iliweka viwango vya muda vya maji ya vijijini, na kwa floraidi kiwango hicho cha muda kilikuwa miligramu 8.

Usikimbilie kuwalaani. Mwaka 1971 Serikali ilikuwa imetangaza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400, na lengo lilikuwa 1991. Ukishika kiwango cha 1.5 bila kulegeza, sehemu kubwa ya Arumeru, Singida na Shinyanga inabaki kwenye madimbwi na kipindupindu. Mtaalamu aliyekaa mezani 1974 alikuwa na maji ya floraidi mkono mmoja na hakuna maji mkono wa pili. Angekuwa mimi, au wewe, tungesaini palepale.

Kosa liko kwenye yale maneno mawili, “ya muda”. Muda upi? Hakuna tarehe iliyoandikwa ya kiwango kile kukoma. Hakuna ofisi iliyopewa jina kwamba hii ndiyo itakayokishusha. Hakuna fungu la kila mwaka la kuchuja maji hayo au kuyaleta mengine kutoka mbali. Baadaye kikashushwa mpaka 4, na 4 nayo ikakaa miaka mingi sana kabla hatujafika kwenye 1.5 ya leo. Katikati hapo wamezaliwa watoto, wamekua, wamezaa. Katika vijiji vyenye floraidi nyingi kabisa, kama upande wa Ngarenanyuki, si meno peke yake. Utakuta mtoto wa shule ya msingi amepinda miguu, magoti yanagongana akitembea, na wadogo zake wawili wanafuata njia hiyohiyo kwa sababu ndoo ya nyumbani ni moja.

Kwenye vitabu vya hesabu, gharama ya uamuzi ule ni sifuri. Tafuta kote, hutaona mstari unaosema “miguu ya watoto wa Arumeru”. Bajeti inaandika fedha inayotoka Hazina mwaka huu, na mfupa uliopinda hautoki Hazina. Aliyelipa ni mama aliyembeba mtoto mgongoni mpaka hospitali, na ni huyo mtoto mwenyewe anayefunika mdomo akicheka.

Kwa kuwa mnahamia, niongeze ya kwenu hapa. Mimi ni mtu wa hesabu, si daktari wa meno, ila haya yanajulikana. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Neema amekulia Moshi, ambako maji ya Kilimanjaro kwa kawaida yana floraidi ndogo, kwa hiyo meno yake ya mbele ya utu uzima yameshajengeka salama ndani ya ufizi. Ya nyuma bado yanajengeka mpaka kama miaka minane. Mkijaliwa mtoto mwingine baada ya kuhama, huyo atakuwa hatarini tangu siku ya kwanza, na mifupa haina umri wa kuponea. Pimeni maji ya kisima kabla ya kuezeka, maabara ya maji ipo Arusha. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, jirani kabisa na kwenu, waulizeni. Maji ya mvua hayana shida hiyo, kwa hiyo wekeni gata na tangi mapema. Na punguza magadi kwenye maharage, maana mengi ya ukanda huu yana floraidi kuliko hata maji.

Turudi kwenye karatasi. Mfano wangu wa pili unahusu pensheni, nao utakuonyesha deni lisiloandikwa linavyoishia.

Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa Serikali mwenye haki ya pensheni hakukatwa kitu. Alifanya kazi, akastaafu, Hazina ikamlipa. Mwaka 1999 ikatungwa sheria, ukaanzishwa mfuko wa PSPF, mtumishi akaanza kukatwa asilimia 5 na mwajiri kuweka 15. Jambo zuri. Lakini mtumishi aliyestaafu 2003 alikuwa na miaka minne tu ya michango na miaka ishirini na kitu ya utumishi wa nyuma ambayo haikuwa na shilingi hata moja mfukoni. Mfuko ukapewa jukumu la kumlipa yote, kwa makubaliano kwamba Serikali ingerudisha fedha ya ile miaka ya kabla ya 1999.

Serikali ikachelewa. Mwaka ukaisha, na mwingine, na mwingine. Wastaafu walilipwa, hivyo hakuna aliyepiga kelele. Walilipwa na nini? Na makato ya vijana waliokuwa kazini wakati huo, yaliyopaswa kukaa, kuwekezwa na kuwangoja wao. CAG aliandika. Akaandika tena. Shimo likafika matrilioni. Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF, na shimo likahamia humo pamoja na samani.

Mwaka huohuo kikaja kikokotoo, fomula mpya ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Unakumbuka zogo lake hata kama hukuwa mtumishi. Wastaafu waliokuwa wamezoea kupewa nusu ya mafao yao kwa mkupuo wakaambiwa wangepata asilimia 25, iliyobaki wailipwe kidogokidogo kila mwezi. Walimu na manesi wakawaka, na walikuwa na kila sababu, kwa maana hawakuwa wao waliochelewesha fedha ya ile miaka ya kabla ya 1999. Desemba 2018 Rais Magufuli akasitisha, akarudisha utaratibu wa zamani mpaka 2023. Nchi ikashangilia. Mimi sikushangilia, na baadhi ya marafiki zangu wastaafu hawajanisamehe mpaka leo. Nilisema hivi: fomula imesogezwa miaka mitano mbele, na hakuna aliyetuambia ile miaka mitano inalipiwa na nani. Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote. Kuanzia 2024/25 ukapandishwa tena, asilimia 40 kwa waliokuwa wanapata nusu na 35 kwa wengine. Waliostaafu ndani ya kipindi hicho walipimwa kwa vipimo tofauti kutegemea tu tarehe ya kustaafu na mfuko waliotoka.

Sasa sikiliza hii. Desemba 2021 Serikali iliamua kulipa sehemu ya lile deni la kabla ya 1999. Ililipa kwa hatifungani maalumu zenye thamani ya takriban shilingi trilioni 2.17. Hatifungani ni ahadi ya kulipa baadaye pamoja na riba, na inahesabika ndani ya deni la ndani la Serikali. Yaani ndani ya zile trilioni 97 za kijana wako wa daladala mna pensheni ya watu waliofundisha na kutibu kabla ya 1999, wengine wamekwisha kuzikwa. Deni lilikuwepo miaka yote hiyo. Lilichokosa ni karatasi. Lilipoandikwa watu wakasema deni la taifa limepaa, wakati kwa kweli siku hiyo ndiyo tuliacha kulificha. Nami nawasifu waliolitoa hadharani, ingawa nawauliza pia kwa nini ilichukua miaka ishirini na mbili.

Reli nitaipitia haraka. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, Waingereza wakaifikisha Arusha 1929. Treni ya abiria ikaja kufa miaka ya tisini. Hakuna siku ambayo mtu alikaa akaamua kuiua. Kila mwaka wa fedha mtu fulani alikata kidogo fungu la mataruma, la kokoto, la vipuri vya vichwa vya treni, kwa kuwa fungu la matengenezo likikatwa halipigi kelele mwaka huo. Linapiga baada ya miaka kumi na tano, wakati aliyelikata amestaafu. Mizigo ikahamia barabarani, malori yakazichimba barabara, nazo zikadai matengenezo. Abiria kutoka Dar es Salaam wakaiona tena stesheni ya Moshi kwa treni Desemba 2019, na ya Arusha Oktoba 2020, mwezi wa uchaguzi mkuu. Wasomaji wangu wenye nia mbaya wataliona jambo hilo la mwezi. Mimi nasema heri ilivyorudi.

Barabara angalau zilipata akili fulani. Mwaka 1998 ulianzishwa Mfuko wa Barabara unaolishwa na tozo ya mafuta, fedha iliyotengwa kisheria kwa matengenezo, ili waziri mwenye haraka ya kufungua barabara mpya asiile ile ya kuziba mashimo. Hautoshi na unacheleweshwa mara kwa mara, lakini nchi yote hii ingekuwa makorongo bila huo mfuko. Nawaambia wanafunzi wangu hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na kuona mbali ambacho tumewahi kukiweka kwenye sheria, na watu hawakijui hata jina.

Sasa ubishi wenu. Baba Neema amekosea, na wewe umepatia nusu.

Amekosea kwa sababu upofu haupo. Mafaili ya floraidi yapo, ya pensheni yapo, ya reli yapo, na yameandikwa na Watanzania wenye elimu nzuri waliosema waziwazi nini kitatokea. Nimekagua hesabu za halmashauri miaka mingi, na sijakutana na mkurugenzi asiyejua kwamba jengo lisilopakwa rangi na kuzibwa paa linakufa. Anajua. Anajua pia kwamba atahamishwa kabla paa halijaanza kuvuja, na kwamba fedha isiyotumika ifikapo Juni 30 ina hatari ya kurudi Hazina, basi anaitupa kwenye kitu kinachoonekana. Mwenge wa Uhuru unakimbizwa kwenda kuzindua madarasa, zahanati na visima. Sijasikia ukikimbizwa kwenda kuzindua grisi.

Wewe umepatia kwamba wanaona. Hapo unaposema haiwahusu ndipo tunapoachana. Inawahusu kwa kiasi tunachowadai, na tunawadai vitu vya kuonekana. Fikiria waziri wa fedha wa mwaka 2000 ambaye angesimama bungeni akasema, “Mwaka huu natoa fedha nyingi kulipia pensheni ya watu watakaostaafu 2015, kwa hiyo zahanati za mwaka huu zitapungua.” Ungempigia makofi? Hata mimi nisingempigia. Karibu nusu ya Watanzania wako chini ya miaka 18, hawapigi kura, na walio tumboni hawapo hata kwenye sensa. Mstaafu wa leo anaweza kupiga simu redioni na ana chama cha wafanyakazi. Mstaafu wa 2080 yuko chekechea na Neema. Mwanasiasa anapopima nani atamkasirikia, mizani haina jiwe la upande wa pili.

Nchi nyingine zimejaribu kuliweka jiwe hilo. Wales ilitunga sheria mwaka 2015 na kumteua kamishna wa vizazi vijavyo. Anashauri na kuaibisha, ila hana nguvu ya kuzuia. Norway ilianzisha mfuko wake wa mafuta mwaka 1990 na kujiwekea kanuni ya kutumia asilimia ndogo tu kila mwaka. Naona watu wetu wanapenda sana kamishna kwa sababu ana ofisi na gari. Mimi nachagua kanuni ya Norway siku yoyote. Na Katiba yetu yenyewe, ibara ya 27, inatutaka tuutunze na kuuendesha uchumi kama watu tunaoamua hali ya baadaye ya taifa. Ipo, na nani amewahi kupelekwa mahakamani kwa kuivunja?

Ila hatuhitaji kwenda Norway. Panda kidogo juu ya vijiji vya Kilimanjaro, karibu na mpaka wa hifadhi, utakuta ukanda unaoitwa Nusu Maili. Ulitengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni, majani na mbao bila kuugusa msitu wa juu, na kwa miaka mingi ulisimamiwa na baraza la Wachaga wenyewe. Walipanda, wakavuna kwa zamu, mapato yakarudi mahali yalikotoka. Baada ya uhuru usimamizi ukahamia ngazi za juu, ukahama tena na tena. Aliyepanda akawa si anayevuna, na anayeidhinisha kukata hakai karibu na mti. Upandaji ukarudi nyuma, misumeno ikaendelea. Wazee wale hawakuwa malaika wala hawakuwa na shahada ya mazingira. Tofauti yao na waliofuata ni kwamba mjukuu akikosa mbao angejua amlaumu babu gani, na babu alijua kwamba atajulikana.

Kwa hiyo wagombea wakija Moshi, au mkishahamia wakija Maji ya Chai, usiwaulize kuhusu maono. Watakujibu vizuri mno; tuna Dira ya 2050, imezinduliwa Julai 2025, kila mtu ameikariri. Chukua ahadi moja, kwa mfano kisima au barabara ya mtaa, uulize itatengenezwa kwa fungu gani mwaka wa tatu, na nani ataulizwa likikosekana. Wakisema jambo fulani ni la muda, uliza linaisha tarehe ngapi, na uombe tarehe hiyo iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, kisha mtendaji akupe nakala. Ripoti ya CAG inatoka kila mwaka kati ya Machi na Aprili, ipo kwa Kiswahili, unaweza kuipakua kwa simu. Ruka kurasa zote mpaka sehemu ya madeni na malimbikizo ya halmashauri yako: wakandarasi wasiolipwa, michango ya watumishi isiyopelekwa mfukoni, na riba za kuchelewesha. Hayo ni madeni ambayo kijana wa daladala hajayafikia bado.

Na mgombea akikuambia matengenezo yatalipiwa na “mapato ya ndani”, usikae chini bado. Muulize ni chanzo kipi na mwaka jana kilileta kiasi gani, maana mapato ya ndani ya halmashauri ni pamoja na ushuru unaoulipa wewe pale Memorial.